Ndama ni wa Nani?

Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa sharti moja: msitarajie habari za vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, na faili mnalo. Nitaandika habari za mkaa, kinasa sauti, walimu wangu wawili, na wivu. Neno hilo la mwisho nimelifuta mara tatu kabla ya kuliacha. Lakini nikiuacha wivu nje nitabaki na orodha ya safari tu, na safari zangu hazikuwa na maajabu. Gari lilikwama, tukasukuma, tukafika.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Gedi, aliyenipokea Lafey siku yangu ya kwanza. Kazi yetu ilikuwa kukusanya mila na historia za wafugaji wa Kaskazini Mashariki, na kule Lafey Gedi ndiye aliyekuwa ofisi yenyewe: yeye, meza moja, na gari lililowaka kwa kusukumwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti kizuri na hamu ndogo sana ya kufundisha, kwa sababu sipendi kelele. Alinitazama miguuni.

"Hivi viatu umevaa vya harusi ya nani?"

Akanipeleka kisimani, ngamia wakinyweshwa, akaniambia kazi yangu ya siku hiyo ni kunyamaza. Nilisimama juani hadi alasiri bila kuandika hata neno moja. Tukirudi aliniuliza nani alinywesha kwanza, nani alimpisha mwenzake, na nani alisalimiwa kwa mikono miwili. Nililijua moja kati ya hayo matatu. Akasema inatosha, kwamba yeye siku yake ya kwanza hakujua hata moja, jambo ambalo sikuliamini kabisa.

Aliyonifundisha Gedi nawaachia kama nilivyoyapata. Usitoe daftari kabla ya kikombe cha pili cha chai. Usimuulize mtu ana mifugo mingapi; kwetu hilo ni sawa na kumtia mtu mkono mfukoni. Betri za kinasa sauti zikichoka, zianike juu ya boneti ya gari, zitakupa nusu saa nyingine. Na kabla hujazungumza na mwenye boma, tazama sumad ya mifugo yake. Sumad ni ile alama ya chuma cha moto ambayo kila ukoo humpiga mnyama wake, shingoni, shavuni au pajani. Ukiijua sumad unajua mnyama alitoka kwa nani, na ukijua alitoka kwa nani unajua nusu ya habari za nyumba ile.

Gedi hakuniruhusu kuichora kwa kalamu moja kwa moja. Nilichora kwanza kwa mkaa juu ya jiwe bapa. Mwenye mnyama alicheka, akafuta kwa kidole, akachora yake, ndipo nami nikainakili daftarini. Ukianza na kalamu, alisema Gedi, mtu ataona haya kukusahihisha, na wewe utaondoka na uongo uliochorwa vizuri.

Alinipa na swali. "Maana yake nini?" Hilo tu. Mtu akikueleza mila, muulize maana yake nini, halafu funga mdomo wako. Nililiuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka Lafey hadi Ijara. Nilijibiwa kwa hadithi, kwa nasaba, na zaidi ya yote kwa mashairi, maana watu wetu ukiwauliza maana ya jambo hukutungia shairi. Nilijaza madaftari. Gedi alipofariki, Mungu amrehemu, nilihamishiwa Garissa na madaftari yake pamoja na yangu, nikawa ndiye mtu wa sumad. Ng'ombe akipotea akaonekana sokoni, wazee walinipigia simu mimi kabla ya chifu. Siwafichi, nilizipenda sana simu zile.

Kisha akaja Hodan.

Alizaliwa Nairobi, akasomea uchumi chuo kikuu, na Mkurugenzi wetu akamleta kwa maelezo kwamba utafiti wa jamii siku hizi unataka jicho la uchumi. Nilimuuliza jicho letu la zamani lina ugonjwa gani. Alicheka, akadhani ni utani. Hodan aliwekwa kwenye meza ya dirishani, meza ambayo nilikuwa nimeiombea kibali mara mbili kwa maandishi. Kisomali chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Hakuweza kumtofautisha mtamba na ng'ombe aliyezaa mara nne. Aliniita adeer, yaani amu, nami nikamwita adeer vilevile, kwa kuwa kwetu mkubwa na mdogo hurudishiana neno lilelile. Alilitamka kwa upendo, na kila alipolitamka niliona vigumu kumchukia, na hilo nalo likanikera.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Ijara, kwa Mzee Bulle. Bulle alikuwa hazina yangu. Nilimfahamu kwa miaka kumi na minne, nikimhoji kuhusu desturi ya kugawa ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake: huwapeleka wachache kwa shemeji aliye mbali, wachache kwa binamu, wachache kwa rafiki wa marehemu baba yake. Nilikuwa nimemuuliza maana yake mara nyingi, naye alikuwa amenipa mashairi matatu kuhusu udugu, moja refu kiasi cha kumaliza kaseti nzima. Kutokana na hayo niliandika sura ndefu kuhusu udugu. Mpaka leo naamini ni sura nzuri.

Hodan alingoja kikombe cha pili, hilo alijifunza upesi. Kisha akamgeukia Bulle kwa Kiswahili, kwa kuwa Kisomali kilimshinda.

"Awoowe," akasema, maana yake babu, "ukikataa kuwagawa, ukae nao wote hapa kwako, unapoteza nini?"

Bulle alimtazama, akacheka mpaka akakohoa, kisha akajibu kwa Kiswahili cha wazee wetu, ambacho mara nyingi p huwa b, z huwa s, na v huwa f.

"Hii msichana najua kuuliza! Sikia. Mfua nanyesha hii ubande, ile ubande hakuna. Ugonjwa naingia hii boma, ile ingine hakuna. Mimi nikiweka ng'ombe yote hapa, siku moja mimi naamka maskini. Sasa naweka kila ubande. Iko ile nakufa, iko ile nabaki."

"Na huyo shemeji yako anapata nini?"

"Masiwa. Halafu yeye naleta ng'ombe yake kwangu. Siku yake ikiwa mbaya, mimi iko."

Nilimgeukia kwa Kisomali, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nikamuuliza mbona hilo hajawahi kuniambia. Akanijibu kwa Kiswahili, ili Hodan asikie.

"Wewe hakuuliza. Wewe kila siku nataka gabay. Mimi nakuba gabay."

Gabay ni shairi. Dereva wetu aliyekuwa mlangoni aligeuka upande wa pili ili nisione anacheka, nami nikaona.

Njiani Hodan aliandika magotini gari likirukaruka. "Adeer, umeona hiyo? Ni bima kabisa, ila haina kampuni. Manze, wazee wetu ni wajanja." Nikamwambia asijichoshe kuandika kwenye matuta, mwandiko utaharibika. Swali lake halikuwa gumu, na hicho ndicho kilichonichoma. Mtu yeyote angeweza kuliuliza. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango ule miaka kumi na minne nikisifia nakshi zake, na binti wa Nairobi akaja akausukuma tu.

Baada ya hapo swali lake likaingia kila mahali. Kwa nini nyumba ya bibi harusi hurudisha sehemu ya mahari? Yeye aliuliza, ukikataa kurudisha unapoteza nini? Kwa nini ukoo mzima huchangia kosa la mtu mmoja? Ukikataa kuchanga unapoteza nini? Watu waliojibu swali langu kwa kufumba macho na kuimba walimjibu yeye kwa kusogea karibu na kushusha sauti. Mkurugenzi akaanza kusema katika mkutano wa Jumatatu, "Hodan ameuliza?" Nilikuwa nahesabu mara alizotaja jina lake. Jumatatu moja lilitajwa mara tisa na langu mara moja, na hiyo moja ilikuwa kuhusu funguo za kabati.

Nilifanya mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyafanya. Nilizificha betri mpya nikamwachia zile za kuanika. Nilimsahihisha Kisomali chake mbele ya wenyeji, tena kwa sauti, na kwa upole wa uongo. Aliposhikwa na malaria nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kumhoji mzee mmoja peke yangu, nikajikuta nafungua mdomo kuuliza anapoteza nini, nikaumeza ulimi. Sikutaka kuazima kwake hata sentensi moja. Nikauliza maana yake nini. Nikapewa shairi.

Msidhani hakukosea. Kulikuwa na msiba huko Ijara, na majirani walikuwa wakifika na sukari na majani ya chai kama ilivyo ada. Hodan akamwinamia mwanamke mmoja akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama angekataa kuja na sukari angepoteza nini. Mwanamke yule aliinuka, akajifunga buibui lake, akaondoka bila kujibu. Nilipanda gari nikiwa na raha tele. Ndani ya gari Hodan akalia.

"Adeer, nimekosea wapi?"

Nikamwambia, na nilimwambia vizuri kwa sababu raha humpa mtu ufasaha. Nilisema kuna mambo watu huyafanya bila kuyapima, na ukimtaka mtu ayapime siku hiyohiyo umemwambia kwamba machozi yake ni ya hesabu. Muulize baada ya siku arobaini, naye mwenyewe atakueleza nani alikuja na nani hakuja, na nani hatakwenda kwake tena. Alifuta macho, akatoa daftari, akayaandika maneno yangu yote. Hata kosa lake alilivuna. Mimi nikatazama nje ya dirisha nikiwa na wivu mpya juu ya ule wa zamani.

Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu kugawa ng'ombe. Alikuja nayo ofisini pamoja na halwa, akaniwekea nakala mezani kwangu kabla ya mtu yeyote. Niliisoma nimesimama. Michoro ya sumad ilikuwa yangu. Majina ya maboma, njia za malisho, nani alimwoza nani, yote yalitoka kwenye madaftari yangu na ya Gedi, ambayo nilimfungulia kabati kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho palikuwa na shukrani kwa Mzee Dahir kwa kutafsiri.

"Umeona nimekutaja, adeer?"

"Nimeona."

Leo naweza kusema hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimemficha mengi, naye alinishukuru kwa lile nililomwonyesha. Siku ile sikuweza kusema hivyo. Kwa kutafsiri! Halwa niliipeleka kwa mlinzi wa getini.

Wakati huo ukame ulikuwa umeshika, ule mbaya ambao wengi wenu mnaukumbuka. Shirika moja liliamua kuwapa mitamba wawili wenye mimba kila nyumba isiyo na kitu katika vijiji vya upande wa Sangailu. Walitaka orodha. Kanuni yao ilikuwa fupi: zizi tupu linaandikwa, zizi lenye ng'ombe haliandikwi, isipokuwa mtafiti aeleze sababu. Mkurugenzi alinipa mimi kazi ya kutia sahihi, kwa kuwa ng'ombe na sumad ni mambo yangu, na Hodan akaja kunisaidia. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Siku ya pili tulifika kwa Shukri. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, hana kaka, na mumewe hakuacha ndugu wa karibu. Zizini mwake mlikuwa na ng'ombe sita, wembamba lakini bado wanakamuliwa, na sumad nne tofauti. Niliziona kutoka kwenye miiba ya lango, kabla hata ya salamu.

Hapa nataka mnisome polepole. Kwetu kuna kitu kinaitwa irmaansi. Mwenye ng'ombe wengi humwazima mwenye shida ng'ombe anayekamuliwa. Mwenye shida atakunywa maziwa, atauza kidogo, lakini ng'ombe hakuwa wake wala hatakuwa. Akikauka anarudi kwa mwenyewe, na ndama wake anarudi naye. Nilikuwa nimeandika kuhusu irmaansi kurasa nyingi. Sumad nne katika zizi la mjane asiye na kaka, mtu wa sumad hahitaji kuambiwa kwamba ni ng'ombe wa kuazima. Ila ni kweli pia kwamba ng'ombe wa mahari na wa zawadi hubaki na alama ya aliyewatoa, kwa hiyo inawezekana mtu awe na sumad nne na wote wawe wake. Inawezekana. Nawaambia hivyo ili muone mtu msomi anavyojitengenezea mlango wa kutokea.

Shukri alitupa maziwa, akasimama kando na kibuyu chake. Hodan aliwatazama ng'ombe, akawatazama ndama waliofungwa pembeni, kisha akanigeukia.

"Adeer, muulize ndama ni wa nani."

Lilikuwa swali la maneno manne na lilikuwa sahihi. Nilijua ni sahihi wakati linatoka mdomoni mwake. Nilijua pia kwamba nikilitafsiri, litaandikwa tena mahali, na jina langu litakaa chini kabisa, kwa kutafsiri.

"Hilo kwetu haliulizwi," nikamwambia. "Ni sawa na kumuuliza ana mifugo mingapi. Tena mjane. Utamvunjia heshima."

"Lakini kama ndama si wake basi huyu mama hana kitu. Si nimuulize mimi, polepole tu?"

"Hata yule wa msibani ulimuuliza polepole."

Akainamisha kichwa. "Sawa, adeer. Wewe ndiye unajua."

Sentensi hiyo niliifurahia mpaka Garissa. Shukri alinitazama, kisha akawatazama ng'ombe, kisha akachukua vikombe vyetu akaenda kuviosha. Kwenye fomu niliandika: ng'ombe sita, sumad nne, nyumba yenye uhusiano mpana na koo za jirani, haihitaji. Hatua chache kutoka pale tuliandika nyumba ya mzee mmoja mwenye zizi tupu. Ng'ombe wake, kama nilivyojua vizuri kutokana na sura yangu ndefu ya udugu, walikuwa kwa mashemeji upande wa Mto Tana. Mitamba walipokuja, yeye alipata wawili. Shukri hakupata.

Mvua ikanyesha. Wenye ng'ombe, waliopoteza wengi katika ukame ule, wakaja kuchukua wao mmoja mmoja, kama ilivyo haki yao. Habari niliipata kwa Bulle, tulipokutana soko la mifugo hapa Garissa.

"Ile mjane ya Sangailu, boma yake iko tubu sasa," alisema. "Msichana yake kubwa natoka shule, nafanya kazi ya nyumba kwa watu hapa mjini. Wewe si ulienda kule na orodha?"

Nikasema nilienda. Akaniuliza bei ya beberu aliyekuwa mbele yetu, nikamtajia, tukaachana. Sikumwambia Hodan. Ningeweza kuandika barua moja kwa lile shirika, ya kurasa mbili, nikasema nilikosea. Barua hiyo niliianza mara kadhaa. Kila mara nilifika mahali pa kueleza nani alikuwa ameliuliza swali sahihi, nikaikunja karatasi.

Msimu uliofuata Hodan alilipata jibu bila mimi. Kisomali chake kilikuwa kimekomaa, akaenda kwenye boma jingine, akamuuliza mama mmoja swali lilelile kwa kinywa chake, naye mama akamjibu bila kuona haya hata kidogo. Alirudi mbio kwa Mkurugenzi. Fomu ikabadilishwa, swali likaingizwa: ndama ni wa nani? Mkurugenzi alipiga makofi. Hodan akanitazama akiwa ng'ambo ya meza.

"Na ile nyumba ya Sangailu, adeer?"

"Ile ilikuwa tofauti," nikasema.

"Sawa," akajibu. Safari hii hakuongeza kwamba mimi ndiye ninayejua.

Baadaye alipata kazi mbali, akaondoka. Aliniachia madaftari yangu yamepangwa kwa miaka, kila moja na karatasi ya yaliyomo, kazi ambayo mimi sikuwahi kuifanya. Ninyi mkaja. Mkazikuta fomu za zamani zenye swali lile na sahihi yangu, mkaanza kuliita swali la Mzee Dahir. Nilipowafundisha ninyi mliokuwa wageni kazini, mliniomba nisimulie lilivyozaliwa, nami nilisimulia. Nilimtaja Gedi, nilitaja mkaa na jiwe bapa, nilitaja boma na ndama. Nilisimulia vizuri sana. Mtu mwenye wivu hatosheki na mwenzake kuondoka, atamfuata na kwenye alichokiacha.

Basi sahihisheni. Swali ni la Hodan. Langu lilikuwa maana yake nini, na bado ni swali zuri, liulizeni. Bila hilo hamtajua kwa nini yule mama wa msibani aliinuka. Lakini kwenye fomu liandikeni jina la mwenyewe.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikuwa na safari ya Ijara. Nilimwomba dereva apinde kwenda Sangailu. Shukri alikuwa anauza chai kando ya barabara, chini ya turubai, na nyuma yake kulikuwa na zizi dogo lenye ng'ombe mmoja na ndama. Ng'ombe alikuwa na sumad ninayoijua. Nilimsalimu kwa Kisomali, nikamuuliza hali ya watoto. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Watoto hawajambo. Wewe ni ile mzee ya orodha."

"Unajua Kiswahili?"

"Mimi nausa masiwa kwa askari ya Ijara miaka mingi. Najua." Alikuwa akipepea moto, hakuinua kichwa. "Ile siku bia najua. Ile msichana nasema ndama ni ya nani. Mimi nasikia."

Nilikaa juu ya debe. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Niseme mimi maskini, niandike? Mimi iko na haya yangu. Mtu naulizwa, halafu nasema. Mimi nangoja wewe. Nasema na roho yangu, huyu ni mzee ya kwetu, yeye najua sumad, sasa hifi nauliza." Akaweka birika chini. "Wewe nakunywa masiwa, nasema asante, nakwenda."

Wivu wote niliokuwa nao miaka ile, wa meza ya dirishani na wa jina kutajwa mara tisa, niliuona ulivyo mdogo, na aliyeulipia ni huyu. Nikageuka nikamtazama yule ng'ombe. Nikauliza kwa Kiswahili, kwa maneno manne, kama lilivyoulizwa siku ile.

"Ndama ni wa nani?"

Shukri aliinua kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Leo ndiyo nauliza?" akasema. "Leo habana orodha."